Mbuzi wa Kuriakose

Lissy aliporudi nyumbani kujifungua mtoto wake wa kwanza, kama desturi yetu inavyotaka, mimi mama yake nilimpokea mikono nimeificha nyuma. Alishuka kwenye jeep na tumbo lake la miezi saba, akapanda ngazi za baraza, nami nimesimama mlangoni kama mwizi aliyekamatwa.

"Karibu, mwanangu," nikamwambia. "Pita. Usishike mlango, pita tu."

Sisi ni wagema mpira. Vilima vyote vya upande huu wa mji wa Pala, hapa Kerala, ni miti ya mpira, na nyumba yetu iko katikati yake. Mume wangu Outhakutty anagema juu, mimi nagema chini, alfajiri, kabla jua halijaukaza utomvu. Utomvu huo ndio uliomlisha Lissy, ukamsomesha unesi, ukamwoza. Na utomvu huo huo ukageuka ukataka kumuua.

Ulianzia kazini kwake, kwenye glavu za hospitali. Mikono ilimwasha, akadhani ni sabuni. Kisha akaja likizo. Mimi natoka shambani na ndoo yangu, namwona mwanangu uani, furaha ikanipanda nikasahau dunia, nikamshika shavu. Shavu la kushoto. Kahawa niliyomtengea haijachemka, uso mzima ulikuwa umefura, jicho limefumba, pumzi inapiga mluzi kifuani. Outha alimbeba mgongoni mpaka barabarani. Daktari Susheela wa hospitali ya masista alimchoma sindano, akamrudisha kwetu kutoka kule alikokuwa ameshaanza kwenda. Akatueleza kwamba ndani ya utomvu wa mpira mna protini, na mwili wa Lissy umezikataa, kila zikimgusa unapigana nazo kufa na kupona. Ugonjwa huo unaitwa mzio. Lissy aliacha kazi ya unesi. Mimi sikumgusa tena.

Msidhani sikujaribu. Niliacha kugema wiki nzima kabla hajaja, nikasugua mikono kwa ndimu na majivu mpaka ngozi ikanililia. Lakini nguo zetu, ndoo zetu, makomeo ya milango, kila kitu kilikuwa kimeshika utomvu, na kila nilichokishika kilinirudishia. Tulimpakia chumba kimoja chokaa mpya, tukakifungia. Kwetu mwanamke akijifungua, mama yake ndiye humkanda kwa mafuta ya nazi na kumwogesha kwa maji ya moto yenye majani ya dawa, asubuhi hadi asubuhi, mpaka mwili urudi. Mimi nilikuwa nimeshatafuta mwanamke wa kumkanda binti yangu. Nilimtafuta huku nalia, na sioni haya kusema.

Basi hayo yalikuwa machungu madogo. Makubwa tuliyapata kwa Daktari Susheela, mwanamke mfupi asiyezungusha maneno.

"Mama Lissy, mtoto amekaa kikingama, na kondo limeziba njia. Huyu hazai kwa kawaida. Tutampasua."

"Mpasue, Daktari. Wangapi wamepasuliwa hapa?"

"Wengi. Kwa glavu za mpira."

Nikasema, "Si kuna za plastiki?"

"Zipo, za kuchagulia samaki. Nikimshona kwa hizo nitashona na plastiki yenyewe. Za aina nyingine nimeagiza mbali, hazijaja, na sioni dalili."

Siku hizo glavu zisizo za mpira zilikuwa adimu kwetu. Sabu, mume wa Lissy, alikuwa Kuwait, naye alizitafuta huko akapata ahadi tu. Lissy alikaa pale akikunja na kukunjua ncha ya shali yake. Alikuwa nesi, alijua kuliko sisi sote. Njiani kurudi akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, utomvu ulinigusa shavu tu, ukaona. Sasa fikiria ukinigusa ndani ya tumbo. Hapo hakuna sindano ya kunikuta."

Nilitamani kumshika mkono. Nikashika kiti cha jeep.

Sasa nina mdogo wangu, Kuriakose. Huyu tulimcheka miaka mingi. Wenzake walisoma wakaenda Dubai, yeye alisoma akajifungia kwenye kijumba nyuma ya ghala la chama cha wakulima, akicheza na utomvu wa mapapai. Kila Krismasi, nyama ikishaletwa mezani, Outha alikuwa hakosi kumuuliza, "Shemeji, mwaka huu papai lako limekula nini?" Maana mwanamke gani wa kwetu asiyejua? Nyama ya ng'ombe mzee unaitia vipande vya papai bichi, na hata bibi asiye na meno atakula.

Usiku wa siku ile tuliyotoka hospitali nilikumbuka kwamba mara moja, tukiwa bado tunacheka, Kuriakose alijibu, "Linakula protini, shemeji. Siku moja utanishukuru." Asubuhi tukaenda kwake, mimi, Outha na Lissy.

Lissy alibaki dirishani kwa nje. Ndani palikuwa na bomba la kioo lililosimama wima, refu kufikia kifua changu, na ndani yake tembe ndogo nyeupe kama chengachenga za mchele.

"Hivi ni nini?" nikauliza.

"Maganda ya kambamiti kutoka Alappuzha. Nimeyayeyusha kwa dawa, nikayageuza tembe."

"Kuriakose, mpwa wako anakufa, wewe unanionyesha takataka za samaki?"

"Tulia, Dada. Kwenye utomvu wa papai kuna vimeng'enya. Ndivyo vinavyolainisha hiyo nyama yako. Vinazitafuna protini vipande vipande mpaka mwili hauzitambui tena."

"Basi mwaga maji ya papai kwenye utomvu wa mpira, tumalize kazi."

"Nilimwaga, miaka ya mwanzo. Protini za mpira zililiwa, sawa. Lakini vimeng'enya vikabaki mle mle, navyo vyenyewe ni protini. Ni kama kumfukuza mwizi, halafu mlinzi anakataa kutoka nyumbani." Akagonga bomba kwa kucha. "Kwa hiyo nimevifunga. Kila kimeng'enya nimekifunga kwenye tembe, kama mbuzi kwenye kigingi. Utomvu unapita, mbuzi anakula, utomvu unaendelea na safari yake. Mbuzi anabaki. Kesho anakula tena."

Outha akakohoa. "Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Kamba yenyewe iko wapi, shemeji?"

"Ni ndogo kuliko macho yako, shemeji."

"Macho yangu ni mazima."

"Na kamba yangu ni nzima vilevile."

Akawasha pampu ndogo. Utomvu aliokuwa ameuzimua kwa maji ukaanza kuingia, na uliingia kutoka chini. Jamani, mimi nimeishi na utomvu tangu usichana wangu. Nimeuona ukishuka kwenye mfereji wa gamba, ukishuka kwenye kikombe, ukishuka kutoka kikombe kwenda ndoo. Sikuwahi kuuona ukipanda. Ulipanda polepole, na tembe zikanyanyuka nao, zikawa zinaelea na kuzunguka ndani ya weupe ule bila hata moja kutoka. Nikawaza viumbe wale nisioweza kuwaona, maelfu kwa maelfu, kila mmoja amefungwa mahali pake, wanakula kimyakimya. Nilijikuta nimepiga ishara ya msalaba.

Kisha akatuonyesha kipimo. Alikuwa na dawa ya rangi ya chai. Akachukua maji ya utomvu mbichi, akadondosha humo: dawa ikageuka bluu papo hapo, bluu ya sare za shule. Akachukua maji ya utomvu uliotoka juu ya bomba, akadondosha. Tukangoja. Dawa ikabaki chai.

Kutoka dirishani Lissy akasema, "Mjomba, nitengenezee glavu."

Kuriakose akavua miwani. "Lissy, mimi nimewahi kutengeneza vipande bapa tu, vya kupima. Sijamvisha mtu. Siwezi kukufanya wewe ndiye kipimo."

"Mimi nesi, Mjomba. Vipimo nimevifanya kwa watu miaka sita. Zamu yangu imefika."

Ikakubaliwa. Karibu na mjini kuna kiwanda kidogo cha glavu, na mwenyewe alisoma darasa moja na Kuriakose, akatoa nafasi ya siku moja. Utomvu ungetoka kwetu, kwenye miti ya juu, ile ambayo Outha aliipanda mwaka aliozaliwa Lissy. Kuriakose akamwambia wazi: amonia kidogo sana, matone tu, ya kuzuia utomvu usigande njiani. Amonia nyingi inaviunguza vimeng'enya.

Mara ya kwanza Outha alipeleka kiasi kidogo cha majaribio. Kuriakose akautazama kwenye mwanga, akasema, "Shemeji, sijaona utomvu safi namna hii tangu nianze kazi." Kosa lilikuwa hapo. Mume wangu alipita na sifa ile kila mahali, dukani kwa chai, kanisani, kwenye foleni ya jeep. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wangu hakutia maji.

Siku ya utomvu wenyewe kulikuwa na wingu. Miti ina sketi zake za plastiki za kukinga mvua, lakini jeep ilichelewa, na Outha akasimama barabarani na madebe yake akitazama saa za watu. Lazima mjue jambo moja kuhusu wagema. Mgema anayefika na donge badala ya maziwa hana uso wa kurudi nao. Baba yake aliliogopa donge, babu yake aliliogopa donge. Mkono ukaenda wenyewe kwenye chupa ya amonia. Akatia. Jeep haiji. Akatia tena. Alifika mjini, kijumbani kwa Kuriakose, utomvu wake mwepesi kama maji, hata tone halijaganda, na amejaa fahari.

Kuriakose alikuwa kiwandani anachagua mikono ya kauri inayochovywa kwenye utomvu kutengeneza glavu. Mtu mwingine angemngoja. Lakini Outha alikuwa ameiona pampu ikiwashwa mara moja, na mwanamume aliyeona kitu mara moja ameshakuwa fundi. Akamimina. Akawasha.

Nilifika mimi na Kuriakose pamoja. Mlango ulipofunguliwa macho yetu yalichuruzika kwa amonia. Kuriakose alizima pampu, akachota utomvu wa juu, akadondosha kwenye dawa ya chai. Bluu. Akaosha tembe kwa maji safi, mara nyingi, akapitisha utomvu mwingine safi. Bluu.

"Wamekufa?" nikauliza.

"Wamekufa, Dada. Hapo nilipo sina vingine."

Nilimgeukia mume wangu. "Umefurahi? Amonia ya miti yote ya Kerala umeitia! Miaka yote nakwambia mkono wako mzito, mkono wako mzito, sasa umemuua nani? Sema! Umemuua nani?"

Outha alikaa kwenye kizingiti, kofia mapajani. "Nilitaka usigande," akasema. "Nilitaka tu usigande."

Nilikuwa na maneno mengine, makali zaidi, yamepangana mdomoni. Nikamtazama yule mzee mwenye vidole vyeusi kwa utomvu, na nikakumbuka mgongo wake siku ile alipombeba Lissy akikimbia, nikayameza.

Kuriakose alikuwa tayari amekunja mikono ya shati. Maganda ya kambamiti yalikuwepo gunia zima. Kilichokosekana ni utomvu wa papai, mwingi, mbichi, wa siku hiyo hiyo, na siku ya upasuaji ilikuwa inakaribia. Outha akainua kichwa.

"Unagemwaje, huo wa papai?"

"Unalichana tunda likiwa bado mtini, bichi. Mistari myembamba, ya urefu. Ukizama sana umeliua, ukiparua juu juu halitoi."

"Hiyo," Outha akasema, akivaa kofia, "naijua."

Kesho yake alfajiri hakwenda kwenye mpira. Alifunga wembe kwenye ncha ya mwanzi, akachukua vikombe vyake vya kugemea, akapita ua kwa ua. Mimi nilimfuata na ndoo, maana hasira zangu zilikuwa hazijaisha lakini mapapai hayangengoja hasira. Kila ua una mpapai wake. Wa kwanza ulikuwa wa jirani yetu Pennamma, na Pennamma mdomo wake haujawahi kulala.

"Outhakutty! Mpira umekushinda, siku hizi unagema mboga?"

"Nagema, Pennamma. Nipe mapapai yako."

"Eti nikupe! Na mimi nipike nini, sketi zako za plastiki? Mariakutty, mpeleke mumeo hospitali, jua limempiga kabla halijachomoza."

Outha akamweleza. Hakupamba, alisema tu kwamba ni kwa ajili ya Lissy, na kwamba yeye ndiye aliyeharibu. Pennamma alisimama na ufagio wake, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza katika ujirani wetu haukutoka kitu. Kisha akasema, "Chana yote. Nyuma ya banda la ng'ombe kuna mwingine, una matunda makubwa zaidi. Na ukitoka hapa usiende kwa Thankamma kabla sijamwambia, yule mbishi atakuuliza maswali mpaka saa sita."

Akaenda mbele yetu, akipiga kelele ua hadi ua. Tulipofika tulikuta watu wameshasimama chini ya mipapai yao.

Nilimtazama mume wangu akifanya kazi. Mkono ule niliouita mzito ulipita juu ya ngozi ya kijani kwa wepesi ambao sijawahi kuuona, na mstari ukatokea, na kwenye mstari yakachomoza matone. Meupe. Meupe vilevile kama ya mpira, yanachuruzika vilevile, yanaanguka kikombeni vilevile. Mngeniwekea vikombe viwili nisingejua kipi ni kipi. Maziwa ya mti mmoja yakasafishe maziwa ya mti mwingine, na yote mawili yalikuwa uani kwetu siku zote, hatua chache kutoka jikoni, na mimi napita katikati yake na ndoo nikimlilia Mungu anionyeshe njia. Niliketi kwenye jiwe la kufulia la Pennamma.

"Umechoka?" Outha akaniuliza.

"Sijachoka. Gema."

Kuriakose aliukausha utomvu ule, akautoa uchafu, akavifunga vimeng'enya vipya kwenye tembe mpya. Hakulala, na sisi hatukumwuliza kama amelala. Utomvu wa mpira uliletwa tena, na safari hii Outha alipima amonia kwa kijiko cha dawa ya watoto, akalipakata debe mapajani njia nzima akiuchungulia kila kona. Jeep ilichelewa tena. Akawaambia abiria wote wamwombee.

Bomba likanyonya. Utomvu ukapanda, tembe zikanyanyuka. Tuliangalia mpaka ukafika juu. Kuriakose akachota, akadondosha kwenye dawa ya chai, na tukaganda sisi badala ya utomvu. Nilihesabu Salamu Maria moja, mbili, nikapotea. Dawa ilibaki chai.

Baada ya hapo ni kuosha. Utomvu uliingizwa kwenye mashine inayozunguka kwa kasi, inayotenga mpira na maji, na vipande vya protini vilivyotafunwa vikaondoka na yale maji. Kisha kiwandani. Mikono ya kauri ilining'inia kwenye mnyororo, vidole vimeelekea chini, ikashuka kwenye beseni la utomvu wetu, ikapanda imevaa weupe. Ikaingia kwenye joto. Ilipotoka, mwanamke wa kazi aliivua mmoja mmoja kwa koleo safi, na kila mmoja ukabaki mkono wa mtu bila mtu. Ile miti Outha aliipanda Lissy akiwa mchanga, akalazwa kivulini kwenye beseni wakati baba yake anachimba mashimo. Sasa nimeshika mkono uliotoka humo, mwembamba hata naona kidole changu upande wa pili.

"Dada, weka chini," Kuriakose akasema kwa upole. "Huo sasa una utomvu wa mikono yako tena."

Niliuweka upesi kama umeniunguza. Zilizobaki zilifungwa bila kuguswa, zikapelekwa hospitali kuchemshwa.

Daktari Susheela hakuwa mtu wa kuamini chai na bluu. "Ngozi ndiyo itasema," alisema. Akamlaza Lissy kitandani, sindano ya kuokoa imeshavutwa na iko mkononi mwa sista. Akaweka matone mawili kwenye mkono wa Lissy, moja maji yaliyolowekwa glavu ya kawaida, na moja maji yaliyolowekwa yetu. Akatoboa ngozi kidogo katikati ya kila tone. Mimi nilikuwa mguuni mwa kitanda, Outha ukutani, Kuriakose amesimama mlangoni amewapa watu kisogo.

Tone la kwanza lilianza kufura nikiwa natazama. Kijipele kikapanda, kikawa kipana, chekundu pembeni. Lissy akauma mdomo. Nilitazama la pili. Niliitazama ile ngozi mpaka ikaanza kucheza machoni pangu, na mara mbili niliona inafura na haikuwa inafura. Daktari akaleta taa. Akapapasa kwa kucha. Akavua miwani, akaivaa.

"Ngozi tu," akasema. "Ngozi ya kawaida."

Kule mlangoni mabega ya Kuriakose yakaanza kutikisika. Outha akamwendea, akampiga mgongoni mara moja, kwa nguvu. "Shemeji," akamwambia, "Krismasi hii swali langu nitalila mwenyewe."

Siku ya upasuaji chumba kilisafishwa, glavu zote za kawaida zikatolewa, hata kizibo cha chupa ya dawa chenye mpira Daktari alikibadilisha. Tulikaa kwenye benchi la nje. Sitawaambia nilichowaza, kila mama anakijua. Nilijua tu kwamba nyuma ya mlango ule mikono imeingia ndani ya mwanangu, na mikono hiyo imevaa miti yetu. Nilisikiliza kama kuna mtu anakimbia. Siku ile ya shavu watu walikimbia. Sikusikia miguu. Nikasikia mlio mwembamba wa kukasirika, kisha mwingine mkubwa zaidi.

"Ana sauti yako," Outha akasema, akilia.

"Funga mdomo," nikamwambia, nami nalia.

Mtoto wa kiume. Daktari Susheela alitoka na kofia imelowa jasho. Hakutabasamu, hana desturi hiyo, lakini aliinua mikono yake mitupu akaitazama pande zote mbili. "Zimeshona vizuri," akasema. "Hazikuchanika. Na yeye anapumua kama mimi na wewe." Kisha akachomoa mfuko mdogo mfukoni. "Zimebaki hizi. Lissy amesema nikupe wewe."

Siku tuliyomrudisha nyumbani, yule mwanamke wa kukanda alikuja na vifaa vyake, nikamkaribisha kahawa, muhogo na samaki wa pilipili, nikamwambia ale ashibe arudi kwake. Nilichemsha maji na majani. Nilipasha mafuta ya nazi. Nikavaa zile glavu kwa namna Lissy alivyonielekeza toka kitandani, nikishika upindo wa ndani tu, nikikosea, naye akicheka huku ameshika kidonda. "Taratibu, Mama! Sio ndama unamvisha kamba!"

Nikasimama mbele yake, mikono juu, sijui niiweke wapi. Ilikuwa imepita miaka.

Lissy alinishika kifundo mahali kilipofunikwa na glavu. Akauvuta mkono wangu akauweka kwenye shavu lake la kushoto, akaukandamiza pale kwa kiganja chake. Nilihisi joto lake likipita. Nilimtazama jicho, nilisikiliza kifua, nilingoja ule mluzi. Maji yalianza kupoa, mtoto akaamka akalia, akanyamaza mwenyewe, na mimi bado nimeshika, bado natazama, na shavu halikufura.

"Haya, Mama," akasema mwishoni. "Niogeshe."